Korea mbili zilitoka wapi? Mstari uliotangulia vita

Kila Korea Kaskazini inaporusha kombora baharini, au askari wake wanapotajwa katika habari za vita vya Ukraine, mjadala uleule huibuka mitandaoni na vijiweni. Hawa si watu wamoja? Lugha moja, chakula kimoja, akina Kim na akina Pak wamejaa pande zote mbili. Sasa ilikuwaje? Jibu la haraka huwa kwamba walipigana, wakashindwana, kila mmoja akabaki na upande wake. Wapenzi wa tamthilia za Kikorea nao huongeza la kwao: humo tunaona falme zikitwangana kila siku, basi ugomvi wao ni wa tangu enzi.

Majibu yote mawili yanapindua mpangilio wa mambo. Falme za kwenye tamthilia ziliunganishwa kitambo. Tangu mwaka 936 rasi ya Korea ilikuwa chini ya dola moja, na kwa karne kadhaa mpaka wake wa kaskazini ulikuwa mito ya Yalu na Tumen, palepale ulipo leo mpaka wa Korea Kaskazini na China. Ni nchi chache duniani zilizokaa pamoja muda mrefu hivyo. Na vita vilipozuka Juni 1950, nchi ilikuwa imeshakatwa vipande viwili kwa karibu miaka mitano. Mgawanyo ulikuja kwanza, vita vikafuata. Ukilishika hilo, mengine yote yanaanza kueleweka, maana swali linahama: nani aliigawa Korea wakati Wakorea wenyewe hawakuwa wakipigana, na ilikuwaje mgawanyo ambao kila aliyehusika aliuita wa muda ukadumu miaka 80?

Tuelewane kwanza juu ya maneno matatu. Vita Baridi ni ushindani uliozuka baada ya mwaka 1945 kati ya Marekani na Umoja wa Kisovieti, ile dola iliyotawaliwa kutoka Moscow hadi iliposambaratika mwaka 1991. Viliitwa baridi kwa sababu wakubwa hao wawili hawakupigana uso kwa uso. Moto wake waliuona wengine.

Neno la pili ni udhamini, na wasomaji wa Tanzania, Rwanda na Burundi wanalijua kutoka kwenye historia yao. Ni mpango wa nchi kubwa kuisimamia nchi nyingine kwa maelezo kwamba inaiandaa ijitawale. Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa mwaka 1946, Uingereza ikiwa msimamizi; Ruanda-Urundi ikawa mikononi mwa Ubelgiji. Lishike neno hili, kwa sababu huko Korea liliwasha moto.

La tatu ni kusitisha mapigano, ambako watu wengi hukuchanganya na amani. Ni makubaliano ya wanajeshi kuacha kufyatua risasi na kubaki walipo. Hakumalizi ugomvi, wala hakumtambui jirani kuwa jirani halali.

Koloni lililogeuzwa zawadi

Japani iliiweka Korea chini ya himaya yake mwaka 1905, na mwaka 1910 ikaimeza kabisa. Kwa miaka 35 mchele wa Korea ulisafirishwa kwenda kulisha miji ya Japani, na kuelekea mwisho wa utawala huo lugha ya Kikorea ikafukuzwa shuleni na watu wakashinikizwa kuchukua majina ya Kijapani. Vita vya Pili vya Dunia viliongeza unyama: wanaume walipelekwa kwa nguvu migodini na viwandani, na wanawake wengi wakalazimishwa kuwatumikia kingono askari wa Japani.

Wakorea hawakukaa kimya. Machi mosi 1919 maandamano ya kudai uhuru yaliitikisa nchi nzima, na Japani ikayazima kwa damu. Baada ya hapo wapigania uhuru walitawanyika, na mtawanyiko huo ulikuja kuwa na uzito kuliko walivyofikiri. Wengine walianzisha serikali ya muda Shanghai. Syngman Rhee, mwenye shahada ya uzamivu ya Princeton, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake Marekani akibisha hodi kwenye ofisi za Washington. Kim Il-sung alipigana msituni Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, pamoja na wakomunisti wa China, kisha akakimbilia ardhi ya Sovieti na kuwa ofisa katika jeshi lao. Wengine, kama Yeo Un-hyeong, walibaki nyumbani. Wote walitaka nchi moja iliyo huru, ila kila mmoja alikuwa ameiona dunia kupitia dirisha la mwenyeji wake.

Mwishoni mwa mwaka 1943 viongozi wa Marekani, Uingereza na China walikutana Cairo na kutamka kwamba Korea itakuwa huru "wakati ufaao ukifika". Hakuna Mkorea aliyekuwa mezani. Maneno hayo yalikuwa na maana yake: Rais Roosevelt aliamini Wakorea hawajawa tayari. Katika mkutano wa wakubwa huko Yalta, Februari 1945, alimwambia Stalin, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, kwamba udhamini wa miaka 20 hadi 30 ungefaa. Stalin akajibu kwamba muda mfupi zaidi ndio bora. Watu waliokuwa na dola yao kabla Marekani haijazaliwa walikuwa wanapangiwa muda wa kufundwa.

Nusu saa na ramani ya jarida

Huko Yalta, Stalin alikuwa ameahidi kuingia vitani dhidi ya Japani miezi miwili au mitatu baada ya Ujerumani kushindwa. Wamarekani ndio waliokuwa wakimwomba afanye hivyo. Ujerumani ikasalimu amri Mei, na tarehe 8 Agosti, siku mbili baada ya bomu la Hiroshima, Moscow ikatangaza vita. Jeshi lake likamiminika Manchuria na kuingia kaskazini mwa Korea. Marekani ikashtuka. Wanajeshi wake waliokuwa karibu walikuwa bado Okinawa, ng'ambo ya bahari, na Japani ilikuwa ikielekea kusalimu amri muda wowote. Ingeachwa hivyo, Wasovieti wangefika hadi bandari ya Busan kusini kabisa bila kukutana na Mmarekani hata mmoja.

Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Agosti 1945, maofisa wawili wa jeshi jijini Washington, Dean Rusk na Charles Bonesteel, walipewa kama nusu saa kupendekeza mahali pa kuigawa Korea: kaskazini mwa mstari majeshi ya Japani yasalimu amri kwa Wasovieti, kusini mwake yasalimu kwa Wamarekani. Mbele yao walikuwa na ramani ya jarida la National Geographic. Walitafuta mstari wa milima au mto utakaouacha mji mkuu, Seoul, upande wa Marekani, wasiupate. Wakachagua mstari wa latitudo ya nyuzi 38 kaskazini. Rusk, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alieleza kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mtaalamu wa Korea. Hawakujua kwamba mwishoni mwa karne ya 19 Warusi na Wajapani walikuwa wameshawahi kujadiliana kuigawana rasi hiyo kwa mstari kama huohuo.

Walidhani Moscow ingeukataa, kwa kuwa ilikuwa na uwezo wa kuchukua zaidi. Stalin alikubali bila kubishana. Siku chache baadaye aliomba naye aachiwe nusu ya kaskazini ya kisiwa cha Hokkaido huko Japani, Rais Truman, aliyekuwa amemrithi Roosevelt, akamkatalia. Huenda Korea ilikuwa rehani ya ombi hilo, huenda alitosheka na alichokipata. Wanahistoria bado wanavutana.

Hapa ndipo panapoumiza. Watu hudhani Korea iligawanywa kama Ujerumani, kwa sababu ilikuwa upande ulioshindwa. Ujerumani ilikuwa mchokozi, ikagawanywa. Huko Asia mchokozi alikuwa Japani, na Japani ilibaki nzima. Aliyekatwa vipande ni yule aliyekuwa amenyongwa na Japani kwa miaka 35.

Chukua mfano wa familia ambayo nyumba yake imevamiwa na jambazi. Majirani wawili wenye nguvu wanakuja kumtoa, mmoja anaingia kwa mlango wa mbele na mwingine kwa mlango wa uani, na ili wasigongane gizani wanakubaliana kila mmoja aishie kwenye ukuta wa kati. Jambazi anatoka. Majirani hawatoki. Kila mmoja anatafuta ndani ya familia ndugu anayesikilizana naye na kumkabidhi funguo za upande wake, na kila ndugu aliyekabidhiwa anaapa kwamba nyumba yote ni yake.

Mstari wenyewe ulikata bila kuangalia. Ulipita katikati ya vijiji, mito na njia za reli. Rasi ndogo ya Ongjin, upande wa magharibi, iliangukia kwa Wamarekani lakini haikuwa na njia ya nchi kavu kwenda kusini kwingine. Ilibidi upite upande wa Wasovieti au usafiri kwa chombo cha majini. Uchumi nao ulikatwa vibaya. Viwanda vizito na mabwawa ya umeme yalikuwa kaskazini, mashamba mazuri ya mpunga na watu wengi zaidi walikuwa kusini. Mei 1948 kaskazini ilipokata umeme, kusini iliingia gizani.

Wageni wawili, mbinu mbili

Mara tu Japani iliposalimu amri tarehe 15 Agosti, Wakorea walianza kujipanga wenyewe. Kamati za wananchi zilichipuka katika miji na vijiji, na huko Seoul Yeo Un-hyeong akaongoza juhudi zilizozaa tangazo la Jamhuri ya Watu wa Korea tarehe 6 Septemba. Ilikuwa na mwelekeo wa kushoto, yaani wa kijamaa, ingawa orodha ya viongozi wake iliwataja hata watu wa kulia, wapinzani wa ukomunisti, Rhee akiwa mmojawapo. Siku mbili baadaye Wamarekani wakatua Incheon chini ya Jenerali John R. Hodge, askari hodari wa vita ambaye hakuwa na maandalizi yoyote ya kutawala Korea. Aliikataa serikali hiyo. Kibaya zaidi, kwa siku za mwanzo aliwaacha maofisa wa Japani waendelee na kazi zao, na kelele zilipozidi akawaondoa, lakini askari polisi wengi wa Kikorea waliokuwa wakiitumikia Japani wakabaki na virungu vyao. Hebu jiweke mahali pa mtu aliyeteswa na polisi yule mwaka 1944, halafu anakutana naye kituoni mwaka 1946 akiwa amebadilisha sare.

Wasovieti walikuwa wajanja zaidi, na sisemi wema zaidi. Katika majuma ya mwanzo askari wao walipora na kubaka. Lakini kisiasa walizitumia zile kamati badala ya kuzivunja, wakiwapenyeza watu wao taratibu hadi wakashika usukani. Machi 1946 wakasimamia mageuzi ya ardhi: mashamba ya Wajapani na ya wamiliki wakubwa yalichukuliwa bila fidia na kugawiwa wakulima. Wakulima walishangilia. Wenye ardhi, wafanyabiashara na Wakristo wengi, na Pyongyang wakati huo ilikuwa kitovu cha Ukristo nchini, walifunga mizigo na kukimbilia kusini na chuki ambayo haikupoa. Mgawanyo wa watu ulianza kuufuata mgawanyo wa ramani.

Halafu likaja lile neno. Desemba 1945 mawaziri wa mambo ya nje wa Marekani, Uingereza na Sovieti walikutana Moscow na kukubaliana kwamba iundwe serikali ya muda ya Korea, na nchi iwe chini ya udhamini wa mataifa manne, China ikiwa la nne, kwa muda usiozidi miaka mitano. Habari zilifika Seoul zikiwa zimepotoshwa. Gazeti moja liliandika kwamba Marekani ilitaka uhuru wa haraka na Sovieti ndiyo iliyong'ang'ania udhamini, wakati wazo la udhamini lilikuwa la Wamarekani tangu mwanzo. Watu wakafurika barabarani. Wakomunisti nao mwanzoni walipinga, kisha Januari 1946 wakageuka ghafla na kuuunga mkono, kufuata msimamo wa Moscow. Kwa Wakorea wengi huo ulikuwa usaliti, na watu wa kulia, wengine wao waliokuwa wameshirikiana na Japani, wakapata nafasi ya kujivika joho la uzalendo.

Huko kaskazini Cho Man-sik, mzalendo Mkristo aliyeheshimika kuliko wanasiasa wote wa Pyongyang, alikataa kuuunga mkono udhamini. Akawekwa kizuizini na hakurudi tena katika siasa. Nafasi ikabaki wazi kwa Kim Il-sung, kijana wa miaka 33.

Tume ya pamoja ya Marekani na Sovieti ilikaa mwaka 1946 na tena 1947 kutafuta serikali moja. Ilikwama kwenye jambo moja: Wasovieti walisema vyama vinavyopinga udhamini visishirikishwe, jambo ambalo lingeviondoa karibu vyama vyote vya kulia, Wamarekani wakakataa, kwa kuwa waliobaki wangekuwa wa kushoto. Kila upande ulitaka Korea moja mradi isiwe rafiki wa mwenzake. Nadhani hiki ndicho kiini cha jambo zima. Hakuna mkubwa aliyekuwa na haja kubwa na Korea yenyewe. Walichoogopa ni kumwachia mwingine.

Kutoka mstari hadi dola

Mwaka 1947 Marekani iliamua kulipeleka suala hili Umoja wa Mataifa, ambako wakati huo ilikuwa na kura za kutosha. Tume ya Umoja huo ikatumwa kusimamia uchaguzi wa nchi nzima. Wasovieti hawakuiruhusu kuvuka nyuzi 38. Ikaamuliwa uchaguzi ufanyike pale inapowezekana, yaani kusini peke yake.

Wapo waliouona mtego. Kim Koo, aliyeongoza ile serikali ya muda ya uhamishoni na kuwachukia wakomunisti kupindukia, alivuka mstari Aprili 1948 kwenda Pyongyang kusihi nchi isipasuliwe. Hakufanikiwa, na mwaka uliofuata akauawa kwa risasi na ofisa wa jeshi la kusini. Yeo Un-hyeong alikuwa ameshauawa Seoul Julai 1947. Waliosimama katikati walimalizika mmoja mmoja, na jambo hili huachwa katika simulizi nyingi zinazozungumzia Washington na Moscow tu.

Katika kisiwa cha Jeju, upinzani dhidi ya polisi na uchaguzi wa upande mmoja ulilipuka tarehe 3 Aprili 1948. Serikali iliuzima kwa kuchoma vijiji, ikisaidiwa na vijana wakimbizi kutoka kaskazini waliokuwa na kisasi na kila aliyeitwa mkomunisti. Tume ya serikali ya Korea Kusini miaka mingi baadaye ilikadiria kwamba watu kati ya 25,000 na 30,000 walikufa. Hapo vita vyenyewe bado.

Uchaguzi ulifanyika Mei 10, na tarehe 15 Agosti 1948 Jamhuri ya Korea ikatangazwa Seoul, Syngman Rhee akiwa rais. Tarehe 9 Septemba Jamhuri ya Kidemokrasia ya Watu wa Korea ikatangazwa Pyongyang chini ya Kim Il-sung. Kila moja ilidai rasi yote ni yake. Katiba ya kaskazini iliitaja Seoul kuwa mji mkuu wake hadi mwaka 1972. Wasovieti wakaondoa majeshi mwishoni mwa 1948, Wamarekani katikati ya 1949, na nyuma yao wakaacha majeshi mawili ya Kikorea yakitazamana na kupigana kila mara kwenye mstari, Ongjin zaidi ya kwingine.

Viongozi wote wawili walitaka kuunganisha nchi kwa mabavu. Rhee alizungumza waziwazi kuhusu kuivamia kaskazini, na ndiyo maana Marekani ilimnyima vifaru. Kim alimwomba Stalin ruhusa mwaka 1949, akakataliwa. Mwaka 1950 hali ilikuwa imebadilika: Sovieti ilikuwa imejaribu bomu lake la atomiki, na Mao, kiongozi wa wakomunisti wa China, alikuwa ameitwaa China. Stalin akakubali, kwa sharti kwamba Mao naye akubali, na akaweka wazi kwamba askari wake hawatapigana. Alfajiri ya tarehe 25 Juni 1950 majeshi ya kaskazini yalivuka mstari yakiwa na vifaru vya Sovieti. Kwa hiyo anayesema "hatujui nani alianza" anajisumbua bure. Nyaraka za Moscow zilizofunguliwa miaka ya 1990 zimelimaliza swali hilo. Ila ni kweli pia kwamba vita hivyo vilikuwa vya ndugu waliokuwa wakiuana tangu kabla ya siku hiyo.

Vita vyenyewe nitavipita haraka. Baraza la Usalama liliidhinisha msaada wa kijeshi kwa kusini, na Sovieti haikuweza kutumia kura ya turufu kwa sababu ilikuwa imesusia vikao ikidai kiti cha China wapewe wakomunisti. Nchi 16 zilipeleka wapiganaji chini ya uongozi wa Marekani, zikiwamo Ethiopia ya Haile Selassie na Afrika Kusini. Kaskazini nusura iichukue nchi yote. Jenerali MacArthur, kamanda Mmarekani wa majeshi hayo ya Umoja wa Mataifa, akatua Incheon mwezi Septemba na kugeuza mambo. Safari hii ni Wamarekani waliovuka nyuzi 38 wakikimbilia Yalu. China ikaingia kwa maelfu kwa maelfu mwezi Oktoba na kuwarudisha. Seoul ilibadilisha mikono mara nne. Kufikia katikati ya 1951 kila upande ulikuwa umerudi karibu na ulipoanzia, na bado watu waliuana miaka miwili zaidi huku wajumbe wakibishana, hasa kuhusu mateka wasiotaka kurudishwa kwao. Waliokufa ni zaidi ya milioni mbili, wengi wao raia wa Korea.

Je, walikuwa vibaraka?

Kwa kuwa wakubwa walichora mstari na kuleta silaha, ni rahisi kuhitimisha kwamba Rhee na Kim walikuwa vibaraka tu. Mimi sikubaliani na hilo. Juni 1953, mazungumzo yakikaribia kumalizika, Rhee aliwafungulia mateka wapatao 27,000 usiku ili kuyavuruga, maana hakutaka vita vikome kabla ya kuichukua kaskazini. Marekani ilipandwa na hasira, kisha ikamtuliza kwa mkataba wa ulinzi uliotiwa saini Oktoba mwaka huohuo, ambao ndio unaoweka wanajeshi wa Marekani huko hadi leo, wapatao 28,500. Kim naye, mwaka 1956, aliwaondoa chamani watu wa karibu na Moscow na wa karibu na Beijing, kisha kwa miongo kadhaa akala kwa mikono miwili, akiwachonganisha wakubwa hao kila walipokosana. Mwaka 1961 alipata mikataba ya ulinzi kutoka kwa wote wawili, ndani ya juma moja.

Wakubwa waliigawa nchi, lakini baada ya muda wenyeji waliujenga ukuta kwa ustadi kuliko wao. Kila serikali ilimhitaji adui wa ng'ambo ili kumnyamazisha mpinzani wa nyumbani: kaskazini ukiwa na ndugu aliyekimbilia kusini uliwekewa alama, kusini aliyekosoa serikali aliitwa mkomunisti akafungwa.

Mpasuko haukuishia kwenye rasi. Wakorea waliobaki Japani baada ya ukoloni waligawanyika katika jumuiya mbili, Mindan ya upande wa Seoul na Chongryon ya upande wa Pyongyang, wakiishi mitaa ileile ya Osaka na Tokyo. Kuanzia 1959 hadi 1984 zaidi ya watu 93,000 walipanda meli kutoka Japani kwenda kuishi Korea Kaskazini. Wengi wao asili yao ilikuwa kusini. Walikuwa wanahamia nusu ya nchi ambayo hata mababu zao hawakutoka.

Hata Afrika ilivutwa humo. Nchi zetu zilipopata uhuru na kuingia Umoja wa Mataifa, Korea mbili zilikimbizana kutafuta kura zake. Kenya ilianzisha uhusiano na Seoul mwaka 1964, Tanzania ikaanza na Pyongyang mwaka uliofuata na haikufungua uhusiano na Seoul hadi 1992. Novemba 1975 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha, siku moja, maazimio mawili yanayopingana kuhusu Korea, moja la kupendeza kila upande. Korea hizo mbili zilikubaliwa kuwa wanachama wa Umoja huo mwaka 1991, kwa pamoja.

Mpaka wa leo sio nyuzi 38

Kosa jingine la kawaida ni kudhani mpaka wa sasa ni ule mstari wa Rusk na Bonesteel. Mpaka wa sasa ni mahali majeshi yalipokuwa yamesimama tarehe 27 Julai 1953, siku ya kusitisha mapigano. Unapanda na kushuka kukatiza nyuzi 38. Mji wa Kaesong ulikuwa kusini kabla ya vita, sasa uko kaskazini, na Ongjin vilevile. Sokcho, mji wa pwani ya mashariki, ulikuwa kaskazini na sasa uko kusini. Pande zote mbili za mstari huo kuna ukanda usio na majeshi wenye upana wa kilomita nne na urefu wa karibu kilomita 250. Jina lake linachekesha kidogo, maana kando yake kumesheheni silaha kuliko karibu mahali popote duniani.

Waliolipa gharama ya mstari huo ni wazee. Korea Kusini zaidi ya watu 130,000 waliandikisha majina wakiomba kuonana na ndugu zao wa kaskazini. Mwaka 1983 televisheni ya KBS ilianza kipindi cha kuwatafutia watu jamaa waliopotezana vitani, kikaendelea kwa siku 138, na hao walikuwa jamaa waliokuwa kusini humohumo. Wa kaskazini, ukiacha mkutano mmoja mdogo wa mwaka 1985, walisubiri hadi mwaka 2000, serikali zilipoanza mfululizo wa mikutano ya familia: siku chache, hotelini, chini ya uangalizi, kisha kila mtu anarudi kwake. Mkutano wa mwisho ulikuwa Agosti 2018. Wengi wa walioandikishwa wameshafariki.

Mwishoni mwa 2023 Kim Jong-un, kiongozi wa kaskazini na mjukuu wa Kim Il-sung, alitangaza kwamba kaskazini haitafuti tena muungano na kwamba kusini ni dola adui. Juni 2024 akatia saini na Vladimir Putin mkataba wa kusaidiana vitani, na Oktoba mwaka huohuo jeshi lake likalipua barabara zilizokuwa zikielekea kusini. Wengi waliona huu ni ukurasa mpya. Kwa upande wa wakubwa kurudi kusimama nyuma ya kila Korea, ni ukurasa wa zamani.

Na wanaouliza kwa nini Wakorea wasikae tu wenyewe wakamaliza vita hivi kisheria, watazame saini za mwaka 1953. Kwa upande mmoja alitia saini jenerali wa Marekani kwa niaba ya majeshi ya Umoja wa Mataifa. Kwa upande wa pili Kim Il-sung na Peng Dehuai, kamanda wa wanajeshi wa China. Rhee alikataa, hivyo Korea Kusini haimo. Kwa miongo mingi Pyongyang imeitumia nafasi hiyo tupu kusema kwamba mazungumzo ya amani ni yake na Washington. Mwaka 2018 viongozi wa Korea mbili waliahidi huko Panmunjom, kijiji cha mpakani, kutafuta tamko la kumaliza vita kabla ya mwaka kwisha. Walitaja hapohapo kwamba wangehitaji kikao cha watatu, na Marekani, au cha wanne, na China. Kikao hicho hakijafanyika.